Jina la mwenyewe wa kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya faiba iliyotumika, iko hapa Masese, Jinja. Ubavuni bado ina jina la mwenyewe wa kwanza kwa rangi nyekundu. Jirani anasema nilichome kwa moto, kama mitumbwi ya mbao. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nakusihi, moto usiukaribishe! Mbao huvumilia, faiba huungua na kutoka malengelenge. Dawa kali ya kutolea rangi nayo iache, maana ngozi ya juu ya faiba haifiki hata milimita moja na dawa huila.

Chukua kitambaa cheupe chenye thina kidogo, ujaribu kwanza pembeni mwa herufi moja. Kitambaa kikitoka chekundu, endelea taratibu. Ukigusa faiba ukaiona inanata, acha hapo hapo.

Rangi ikikataa, tumia msasa wa maji namba 600 uliozungushwa kwenye kibao, kisha 1000, kisha 2000. Uwe umelowa muda wote, na macho yako yawe kwenye maji yanayochuruzika: yakibadilika kutoka wekundu kuwa meupe kama maziwa, rangi imekwisha, sasa unakula boti yenyewe. Simama.

Kivuli cha herufi huenda kikabaki, kwa sababu jua limepausha pembeni tu. Polishi ya kusugulia magari hukipunguza sana.

Kazi hii ifanyie nchi kavu, mbali na wanakochota maji. Namba ya usajili usiiguse.