Min Kamp kwa Kiingereza: mfasiri si mmoja

Je, Min Kamp ilitafsiriwa kwa Kiingereza na mtu mmoja tu? Hapana, ni wawili. Min Kamp, riwaya ya mwandishi wa Norwe Karl Ove Knausgård, ina vitabu sita, vilivyotoka Norwe kati ya 2009 na 2011. Kwa Kiingereza, vitano vya kwanza ni kazi ya Don Bartlett peke yake. Cha sita, dude la kurasa zaidi ya 1,000, alisaidiana na Martin Aitken. Nakala yangu ninayo hapa, majina yote mawili yamo. Ila ukinunua kuwa makini: matoleo ya Uingereza kila kitabu kina jina lake, ya Marekani yana namba tu. Mimi nilinunua cha kwanza mara mbili nikidhani ni vitabu tofauti.