Paris: Agosti au Septemba?

Septemba. Agosti achana nayo, ndugu. Waparisi wengi wenyewe wanakuwa likizo. Unafika bekari ya mtaani unakuta karatasi mlangoni, wamefunga mpaka mwisho wa mwezi. Na joto likibana, vyumba vingi vya bei nafuu havina kiyoyozi. Naishi huku, nayaona kila mwaka. Ila usiisogeze safari hadi siku za mwisho za Septemba, kuna wiki ya mitindo na hoteli hupandisha bei.

Kinachowaponza wageni zaidi ni siku: makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, yale ya Musée d'Orsay Jumatatu. Orsay ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, lakini uweke nafasi mtandaoni mapema, ukienda kichwakichwa utaishia nje.

Kanisa kuu la Notre-Dame limefunguliwa tena tangu Desemba 2024, baada ya ule moto wa 2019. Kuingia kanisani hulipi hata senti, kwa hiyo anayekuuzia tiketi ya kuingia pale uwanjani ni tapeli. Kupanda minarani ndiko kunakolipiwa.