Barua kwa Mwanangu: Furaha ya Kuhitimu Taurati

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza jirani zako Wayahudi wa Stamford Hill, huko London, walikuwa wakisherehekea nini usiku ule walipocheza mpaka usiku wa manane huku wamekumbatia magombo ya Taurati yaliyovishwa mahameli, na iwapo hiyo ndiyo siku ambayo Wayahudi wanaamini Nabii Musa alipewa Taurati katika mlima Sinai.

Siyo. Siku hiyo ni Shavuot, nayo huja majuma saba baada ya Pasaka ya Kiyahudi. Uliyoiona wewe ni Simchat Torah, yaani furaha ya Taurati, inayofuata sikukuu ya Vibanda katika mwezi wa Tishrei wa kalenda yao: tarehe 22 kwa walio Israeli, na tarehe 23 kwa walio London na kwingineko.

Furaha yenyewe ni ya kuhitimu. Wayahudi wameigawa Taurati katika sehemu 54, wakazipanga zisomwe sinagogini Sabato kwa Sabato hadi mwaka utimie. Siku hii husomwa sehemu ya mwisho, inayoeleza jinsi Musa alivyofariki baada ya kuitazama nchi ya ahadi kutoka mlima Nebo bila kuikanyaga. Kisha, kabla watu hawajatawanyika, hufunguliwa gombo jingine na kusomwa habari za kuumbwa kwa mbingu na nchi. Jambo hili lisikushangaze, kwani hata wewe ulipohitimu msahafu, mwalimu wako hakukuachia kwenye Sura An-Nas, bali papo hapo alikurudisha kwenye Alhamdu na aya za mwanzo za Al-Baqara. Anayeitwa kwa ajili ya sehemu ya mwisho hupewa heshima ya kuitwa bwana harusi wa Taurati, na wa sehemu ya kwanza naye ana jina kama hilo.

Kinachonivutia mimi ni kwamba sikukuu hii haikutajwa ndani ya Taurati yenyewe, ambayo inaamuru tu kusanyiko la siku ya nane, baada ya siku saba za Vibanda. Ilitokana na desturi ya Wayahudi wa Babeli waliohitimu kila mwaka, ilhali wenzao wa Palestina walichukua takriban miaka mitatu. Benjamin wa Tudela, msafiri wa karne ya 12, aliyakuta Misri masinagogi mawili, kila moja na desturi yake, lakini siku ya Simchat Torah walisali pamoja. Fikiria wale wa miaka mitatu, wakija kushangilia hitima isiyokuwa yao!

Uliuliza pia mbona wanacheza na kitabu kilichofungwa. Wanaizunguka sinagogi mara saba, na kwa kuwa gombo limefungwa, mwanachuoni hana la kumzidi mchuuzi; anayeweza kubeba hubeba, na watoto hufuata wakipeperusha bendera na kugombania peremende. Asubuhi watoto huitwa wote kwa pamoja mbele ya gombo, na shali kubwa ya sala hutandazwa juu ya vichwa vyao kama hema. Kwa jirani zako wanawake hutazama kutoka upande wao, ingawa yapo masinagogi ambayo nao hucheza na magombo. Hata hivyo si ngoma ya ovyo: gombo huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi moja ikikosekana halisomwi mpaka lirekebishwe, na likianguka, ipo desturi ya walioshuhudia kufunga. Samuel Pepys, Mwingereza aliyeingia sinagogi ya London siku hiyo mwaka 1663, aliona vurugu tupu na kuiandika kwa dharau katika shajara yake. Nadhani hakuwa na mtu wa kumweleza.

Shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 liliangukia siku hiyohiyo huko Israeli, kwa hiyo usistaajabu ukisikia marehemu wakiombewa katikati ya nyimbo.

Ukialikwa mwakani, nenda, ila jirani awajulishe walinzi wa mlangoni mapema. Vaa kofia, ile ya kwetu inatosha. Simu iache nyumbani, kwa maana siku hiyo hawatumii vyombo vya umeme wala hawapigi picha. Wakikupa peremende, pokea.

Baba yako,
Tanga