Sungura Akidanganya na Kushinda, Mtoto Ajifunze Nini?

SWALI: Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano, halali bila hadithi ya Sungura. Juzi alivunja kikombe akasingizia paka, na nilipomkanya akanijibu kwamba hata Sungura humdanganya Fisi na hakuna anayemchapa. Je, niache kumsimulia hadithi hizi? — Mama wa watoto wawili

JIBU: Usiache, mama. Mwanao ameona jambo ambalo wengi wetu hulipita: katika hadithi zetu nyingi mwongo ndiye mshindi. Hadithi za Sungura zinaonyesha jinsi akili inavyomwokoa mnyonge mbele ya wenye mabavu, nasi hukosea tunapozitumia kama somo la ukweli. Muulize kwa upole: Sungura alikuwa akikimbia kuliwa, je, wewe ulikuwa ukikimbia nini? Huenda akakujibu kwamba alikuwa akiikimbia hasira yako, na jibu hilo ulisikilize hadi mwisho bila kumkatiza.

Kisha msimulie kisa cha Kima na Papa. Kima alimtupia rafiki yake matunda ya mkuyu siku baada ya siku, hadi Papa alipomwalika kwao, na walipofika katikati ya bahari akamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima; naye Kima akajiokoa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa hiki kina uongo wa namna mbili, na mtoto wa miaka mitano anaweza kabisa kueleza ni upi ulioua urafiki. Mwache aeleze yeye. Ukimtangulia kwa mawaidha, atanyamaza.

Jambo jingine ni vitisho. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watoto 268 wa miaka 3 hadi 7, ambao walikatazwa kuchungulia kitu cha kuchezea, wakasimuliwa hadithi, kisha wakaulizwa kama walichungulia. Hadithi ya mchungaji aliyezoea kupiga kelele za uongo kuhusu mbwamwitu, ambaye mwishowe aliponzwa na uongo wake, haikuwasaidia kukiri, lakini ile ya mtoto George Washington, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Marekani, aliyekiri kukata mcheri wa baba yake na akasifiwa kwa kusema kweli, iliwasaidia; na mwisho wake ulipogeuzwa, msema kweli akaadhibiwa, athari hiyo ilitoweka.

Kwa hiyo mtungie hadithi ambamo mnyama mdogo anakosa, anakiri kwa sauti ya kutetemeka, na anapokelewa. Nawe nyumbani ufanye vivyo hivyo, maana mtoto aliyesikia hadithi hiyo usiku na kuchapwa asubuhi kwa kukiri ataamini fimbo. Kumpokea si kulifuta kosa: akikiri, mshukuru kwanza, kisha akushikie ufagio mnapoondoa vigae pamoja, na kikombe kipya kikinunuliwa, akibebe yeye.