Kitabu cha kukwepa meli kubwa

SWALI: Shikamoo, mhariri. Mwanangu amenionyesha mtandaoni kitabu cha Kiingereza kinachofundisha kukwepa meli kubwa, nacho kinasifiwa ajabu. Je, ni mzaha? – Mama wa Likoni

JIBU: Marahaba, mama. Kitabu ni cha kweli: nahodha John W. Trimmer aliwaandikia wenye mashua ndogo, na mwaka 1992 kikapata tuzo ya Diagram, ambayo hutolewa kwa jina la kitabu la ajabu kuliko yote. Sifa nyingi zilizoandikwa katika duka la Amazon ndizo za mzaha, kwani waandishi wake wanajifanya kimewaokoa. Maudhui yenyewe (wavuvi wa Kilindini watakubali) si upuuzi, kwa kuwa meli ya makontena haisimami upesi, wala nahodha wake haioni ngalawa iliyo chini ya omo.