Swali la Lugha: Je, kigae chenye jani la muhogo ni «kigae cha asili»?

SWALI: Mimi ni mfinyanzi. Ninatengeneza vigae vya kupamba ukuta wa jikoni, pale juu ya sinki na karibu na jiko, na kila kigae kina jani au ua. Katika tangazo langu niliandika: «Tumebuni vigae vya asili vya seramiki, vilivyohamasishwa na maumbile, kwa ajili ya ubao wa nyuma ya jiko.» Mteja wa kwanza aliyelisoma aliuliza kama ni mawe, na wa pili akauliza ubao wenyewe ni wa mti gani. Nimekosea wapi? Na je, niseme kigae, marumaru au taili?

JIBU: Kisarufi, tangazo lako halina kasoro. Upatanisho wa ngeli umekaa sawasawa, na kila neno linapatikana katika kamusi, isipokuwa «seramiki», ambayo nitairudia. Tatizo ni kwamba maneno hayo yamepangwa kwa kufuata mawazo ya lugha nyingine, ilhali wateja wako wameyasoma kwa Kiswahili. Aliyeuliza kuhusu mawe na aliyeuliza kuhusu mti wote wawili wamekusoma vizuri kabisa.

Tuanze na «asili», kwa kuwa ndiyo iliyozaa swali la mawe. Tunaposema dawa za asili, ngoma za asili au mbegu za asili, tunakusudia kitu kilivyokuwa tangu mwanzo, kabla hakijaguswa na kiwanda au na mambo ya kigeni. «Asilia» nayo, kama katika gesi asilia, inakwenda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anayesoma «vigae vya asili» ana haki ya kufikiria mojawapo ya mambo mawili: ama ni vipande vya mawe vilivyokatwa vilivyo, ama ni vigae vya namna ile waliyotengeneza mababu. Vyako si hivi wala vile. Ni udongo uliofinyangwa, ukachomwa, ukatiwa rangi, na kilichotoka shambani ni sura ya jani tu.

«Maumbile» haikusaidii pia. Ni neno zuri katika fasihi na katika mahubiri, lakini katika mazungumzo ya kila siku linaelekea zaidi kwenye mwili wa mtu, na nadhani hutaki mteja acheke kabla hajauliza bei. Ama «kuhamasisha», hilo ni neno la watu: wananchi huhamasishwa kupiga kura, na wazazi huhamasishwa kuwapeleka watoto kliniki. Kigae hakihamasishwi. Wapo wanaokimbilia «kuvuviwa», lakini neno hilo limezoeleka mno kanisani, nako jikoni litasikika kama kejeli.

Basi mtu asemeje? Mazoea ya Kiswahili, kila pambo linapohusika, ni kuutaja mti, ua au mnyama kwa jina lake badala ya kuutafutia neno moja kubwa la kubeba viumbe vyote. Tazama kanga. Lile pambo lililopinda mfano wa tone, ambalo huonekana mara kwa mara kwenye pindo na pembeni, wanawake wa pwani wanaliita korosho, na hakuna anayesema kanga hiyo ina «michoro iliyohamasishwa na mikorosho». Milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu inaelezwa vivyo hivyo: huu una samaki, ule una minyororo, mwingine una mayungiyungi au matawi ya mtende. Msikilizaji akishatajiwa kitu chenyewe, anakiona. Akitajiwa «asili», hana cha kuona.

Kwa hiyo andika: vigae vyenye nakshi za majani ya mgomba, au vigae vyenye nakshi za maua ya asmini na vilua. Ukitaka kuonyesha kwamba hukunakili ua moja kwa moja bali ulilifuata kwa mbali, tumia «kwa mfano wa»: vigae vilivyonakshiwa kwa mfano wa makuti ya mnazi. Naipendelea «nakshi» kuliko «mchoro», kwa sababu mchoro humfanya mtu afikirie kalamu na karatasi, ilhali nakshi imekubali tangu zamani pambo la kuchonga na pambo la kupaka. Iweke katika ngeli yake: nakshi hii, nakshi hizi, wala si «manakshi haya».

Ukiwa na jani la muhogo lenye vidole vyake vilivyotawanyika, ambalo kwa hakika linapendeza sana kwenye kigae cha mraba, liite jani la muhogo. Kisamvu ni jina la jani hilo likishakuwa mboga, na «vigae vya kisamvu» ni tangazo la mkahawa.

Hapa kuna tofauti moja ambayo wengi huipita, nayo inaweza kukuletea hasara ya fedha. «Kigae chenye umbo la jani» ni kigae ambacho chenyewe kimekatwa kikawa jani, yaani kina ncha na kingo za kupinda. Fundi atakapokipachika atahitaji nafasi pana za grauti, yaani ule uji wa saruji unaoziba nafasi kati ya vigae, na pembeni mwa ukuta atalazimika kukata vipande vya kuziba. «Kigae chenye nakshi ya jani» ni cha mraba au mstatili kama vingine, ila jani liko juu yake. Mteja akiagiza kwa simu kwa kutumia neno «umbo», mwulize anakusudia lipi kabla hujaanza kufinyanga. Na kama jani moja linaanzia kigae cha chini na kumalizikia cha juu, sema wazi kwamba nakshi inaendelea kutoka kigae hadi kigae, ili fundi ajue kwamba vigae hivyo vina mpangilio na havipachikwi ovyo.

Vitenzi navyo vinastahili uangalifu. Udongo mbichi hufinyangwa. Mbao na mawe huchongwa. Baadhi ya wafinyanzi hulaza jani bichi juu ya udongo ulio laini bado, upande wa chini wa jani ukiugusa udongo kwa kuwa huko ndiko mishipa ilikojitokeza, kisha huligandamiza kwa kipande cha mti kilicho mviringo, nalo linapobanduliwa huacha kila mshipa wake pamoja na kikonyo. Kazi ya namna hiyo ningeiita «kigae chenye alama ya jani». «Chapa ya jani» ingekuwa sahihi kwa maana ya zamani, lakini leo chapa imehamia sokoni, na mteja atadhani ni jina la kampuni. Pambo lililosimama juu ya uso wa kigae liite nakshi iliyoinuka, na lililoingia ndani liite nakshi iliyozama. Mpishi atataka kuijua tofauti hiyo, kwa kuwa nakshi iliyozama sana karibu na jiko hushika mafuta na masizi, na kitambaa hakifiki ndani yake.

Halafu kuna moto. Mkate huokwa, lakini udongo huchomwa, kama kila mtu anavyosema matofali ya kuchoma. Nimeona mahali palipoandikwa «vigae vilivyookwa», na nilijiuliza kama vinaliwa na chai. Mahali pa kuchomea ni tanuri, au joko kwa wafinyanzi walio na neno hilo. Udongo husinyaa unapokauka na tena unapochomwa, kwa hiyo ukitaja vipimo, eleza kwamba ni vya kigae kilichokwisha chomwa. Ile rangi inayoyeyuka motoni na kuwa ngozi ngumu kama kioo haijapata jina moja lililokubalika na wote. «Rangi ya kioo» inaeleweka, na «uso unaong'aa» unatosha pale ambapo mteja anataka kujua tu kama mafuta yatafutika.

Sasa «seramiki». Huihitaji. Kigae peke yake ni udongo uliochomwa: gae ni kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika, na kigae ni kipande kidogo. Ndiyo maana wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, yaani mwenye kuwatengenezea wengine vyombo yeye mwenyewe hulia chakula chake kwenye kipande kilichobaki. Kutoka kwenye kipande cha chungu, neno lilipanda paani na kuwa vigae vya kuezekea, kisha likashuka kwenye sakafu na ukutani. Kwa kazi yako ndilo neno linalofaa kuliko yote, na ni vizuri kwamba mfinyanzi ndiye anayeliuliza.

«Marumaru» ni jiwe, na katika maandishi ya uangalifu ningeliacha libaki jiwe. Ni kweli kwamba katika miji mingi ya Tanzania watu huita marumaru, au malumalu, chochote kinachong'aa sakafuni, na sitagombana nao mitaani. Lakini mteja wako ameshauliza kuhusu mawe mara moja. Ukimwandikia marumaru, utakuwa umemthibitishia. «Taili» na «tailizi» ni maneno ya mafundi na maduka ya vifaa vya ujenzi, nayo yanafahamika kila mahali. Yatumie unapozungumza na fundi, kwa upatanisho wa taili hii na taili hizi. Ila «matailizi» tafadhali liache: «tailizi» lilikwisha ingia kwetu na alama yake ya wingi ya Kiingereza mkiani, na «ma-» inaongeza wingi juu ya wingi.

Kuna neno moja unaloweza kulihitaji baadaye, nalo ni kauri, ambalo wengine hulitamka kaure. Ni udongo mweupe mwembamba uliochomwa kwa moto mkali sana hata ukakaribia kutonyonya maji kabisa. Kigae cha kawaida cha ukutani hunyonya maji kwa nyuma, nacho hakidhuriki jikoni maadamu uso wake umefunikwa kwa rangi ya kioo, kwa hiyo usikiite cha kauri ikiwa sivyo. Pwani yetu ina historia ndefu na kauri ukutani: nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na ile ya Mambrui karibu na Malindi, zilipachikwa sahani na bakuli kutoka China, na nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka za plasta ambamo vyombo vya namna hiyo vilipangwa vionekane. Kauri pia ni yule konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa, kwa hiyo ukichora magamba hayo, andika «nakshi za magamba ya kauri», usije ukaonekana unauza kauri usiyokuwa nayo.

Limebaki lile la «ubao wa nyuma ya jiko». Ubao ni mti, na mteja wako wa pili hakuwa na njia ya kujua vinginevyo. «Nyuma ya jiko» nayo ina hatari yake, kwa sababu jiko ni kifaa cha kupikia na ni chumba chenyewe, na katika nyumba nyingi zenye jiko la uani, nyuma ya jiko ni mahali pa kumwagia majivu. Sioni haja ya kubuni neno jipya ikiwa Kiswahili kinaweza kusema «ukuta wa jikoni, juu ya sinki na jiko» na kila fundi akajua aanzie wapi. Na kwa kuwa tumetaja kubuni: hukubuni vigae, maana vilikuwapo. Ulichobuni ni nakshi.

Tangazo lako ningeliandika hivi: «Tunafinyanga kwa mkono vigae vya ukuta wa jikoni vyenye nakshi zilizoinuka za majani ya mgomba, majani ya muhogo na asmini. Vimechomwa na kupakwa rangi ya kioo. Mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango hufutika kwa kitambaa chenye maji. Bei ni kwa mita ya mraba.» Ikiwa unauza kimoja kimoja, badilisha sentensi ya mwisho iwe «bei ni kwa kila kigae», kwa sababu wapo watakaonunua viwili vya kupachika katikati ya vigae vyeupe.