Kabla hujalipia kompyuta ya chuo

Kwa unayeingia mwaka wa kwanza MUST, Mkwawa, Ruaha au chuo kingine huku Nyanda za Juu Kusini: hela ya kompyuta mpakato haitoki mara mbili, iwe ni ya boom au ya magunia ya viazi aliyouza mzazi. Usiitoe kwa sababu tu umeona stika ya i7.

Anza na kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa mashine. Kinasomeka kwenye namba inayofuata kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Ile i7-4600U ni kizazi cha 4 na ina viini (cores) viwili tu, wakati i5-8250U ina vinne, kwa hiyo i5 hiyo inaiacha mbali. Chukua kizazi cha 8 kwenda juu, maana kwa prosesa za Intel Windows 11 inaanzia hapo, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuwa makini na mitumba inayofanana sura: EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G5 mara nyingi ni cha 8. Soma namba ndani ya mashine, jina la juu halitoshi.

RAM, kumbukumbu ambayo mashine huitumia ikiwa kazini, isipungue GB 8. Diski iwe SSD, ile ya kasi, hata ya GB 256. Inafaa kuliko HDD, diski ya zamani ya kuzunguka, ya TB 1 inayokufanya usubiri kila unapofungua faili. Na tunasema hili bila kusita: mtumba mzuri wa ofisini ni bora kuliko mpya ya bei rahisi yenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya GB 64. Hiyo hujazwa na masasisho ya Windows kabla hujaweka noti zako, na hakuna fundi wa kuiongezea RAM.

Wa sheria, ualimu na biashara hapo mmefika, hata SPSS, programu ya takwimu, itafanya kazi. Wa uhandisi na usanifu majengo watahitaji GB 16 kwa AutoCAD, Revit au SolidWorks. Waulize wa mwaka wa tatu wa kozi yako programu hizo zinaanza lini. Kama bado, nunua yenye GB 8 na nafasi moja ya RAM iliyo wazi, uongeze baadaye.

Ukiwa dukani, Mwanjelwa (Mbeya) au Miyomboni (Iringa), usikubali kuoneshwa mashine ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance: utaona prosesa, RAM, nafasi zake zilizotumika, na diski ni SSD au HDD. Kisha fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili itakayotajwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 24,000, betri imebaki chini ya nusu. Punguziwa bei au ibadilishwe mbele yako. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, betri ndiyo itakayokuokoa.

Izime, uiwashe ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad, ili uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai pasiwedi, iache. Nyingi za namna hiyo zilikuwa za makampuni, na kwenye mashine hizi kufuli hilo halitoki kwa kuchomoa betri wala kupiga Windows upya. Vilevile, ikifanyiwa reset na kudai akaunti ya kampuni, rudisha.

Jaribu kila kitufe cha kibodi, kila tundu la USB, kamera na Wi-Fi. Weka kioo rangi nyeupe tupu utafute madoa.

Chaja isome kibandiko: volti zilingane na za mashine, ampea zilingane au zizidi. Dell isipoitambua chaja yake hupunguza kasi na inaweza kukataa kuchaji, na watu huishia kulaumu prosesa.

Risiti iandikwe namba ya mashine, ukubwa wa RAM na diski, na siku za waranti. Bila namba hiyo, siku ukiirudisha muuzaji anaweza kusema siyo aliyokuuzia.